Mgonjwa amepata nafuu kweli? Ulinganisho wa njia za kupima nafuu yenye maana katika tafiti za utengamao

Chukua wagonjwa wawili waliopata kiharusi, wote wamemaliza wiki nane za mazoezi katika utafiti mmoja. Wa kwanza alipoanza alitembea mita 10 kwa sekunde 24. Leo anatumia sekunde 19. Mwendo wake umepanda kutoka mita 0.42 kwa sekunde hadi 0.53. Kwenye jedwali anang'ara. Ukimuuliza anajionaje, anasema: "Nashukuru daktari, ila mimi tofauti sijaiona. Bado nashikwa mkono kila ninapokwenda." Wa pili ametoka mita 0.30 hadi 0.34 tu, nyongeza ambayo mchambuzi wa data ataipita bila hata kugeuza shingo. Lakini yeye anasema: "Siku hizi usiku naenda chooni mwenyewe, simwamshi mtu."

Nani kati yao amepata nafuu? Ukifuata namba ambazo Perera na wenzake walizichapisha mwaka 2006 kwa watu wazima wenye umri mkubwa, nyongeza ndogo yenye maana katika mwendo ni kama mita 0.05 kwa sekunde, na kubwa ni kama 0.10. Kwa hiyo wa kwanza amepata nafuu kubwa ambayo yeye mwenyewe haioni, na wa pili hajafika hata kwenye ile ndogo, ingawa maisha yake yamebadilika. Kila anayefanya utafiti wa utengamao, yaani wa tiba za kumrudishia mgonjwa uwezo wake, hukutana na wagonjwa wa namna hii, na ndiyo maana pamezuka njia nyingi za kuchora mpaka kati ya "amebadilika" na "amepata nafuu". Njia hizo hazitoi jibu moja. Tena hazijibu hata swali moja, na shida nyingi ninazoziona kwenye rasimu za tafiti zinaanzia hapo: mtu amechukua jibu la swali moja akalibandika kwenye swali jingine.

Thamani ya p tuipishe kwanza

Thamani ya p iliyo chini ya 0.05 haipimi nafuu. Inachosema ni kwamba, kama tiba isingekuwa na athari yoyote, matokeo kama haya au makubwa zaidi yangetokea kwa nadra. Ukikusanya watu wa kutosha, hata nyongeza ya mita tatu katika jaribio la kutembea kwa dakika sita itapenya. Ukiwa na watu kumi na wawili, mita hamsini zinaweza kukwama. Sijakutana na mgonjwa anayeulizia thamani ya p, nami sitaizungumzia tena.

Njia za mtawanyiko: za haraka, lakini bubu

Kundi la kwanza la njia huchota mpaka kutoka kwenye data zenyewe, bila kumuuliza mgonjwa lolote. Kinachohitajika ni vitu viwili. Cha kwanza ni mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho alama za watu zimetawanyika kuuzunguka wastani. Cha pili ni uthabiti wa kipimo, yaani ukimpima tena mtu ambaye hajabadilika, alama zinakubaliana kiasi gani.

Tuseme una hojaji ya alama 0 hadi 100. Mkengeuko sanifu wa kundi lako mwanzoni ni 20, na uthabiti ni 0.90. Tazama kinachotoka:

| Kanuni | Hesabu | Mpaka |
|---|---|---|
| Athari "ndogo" kwa vigezo vya mwanatakwimu Cohen | 0.2 × 20 | 4 |
| Kosa sanifu la upimaji | 20 × √(1 − 0.90) | 6.3 |
| Nusu ya mkengeuko sanifu | 0.5 × 20 | 10 |
| Badiliko dogo linaloweza kutambulika, kwa uhakika wa 95% | 6.3 × 1.96 × √2 | 17.5 |

Data ni zilezile, hojaji ni ileile, na mipaka ni minne. Mkubwa unazidi mdogo zaidi ya mara nne. Mtafiti anayetaka tiba yake ionekane imefaulu atachukua 4; mpinzani wake atachukua 17.5. Wote wawili wataweka jina la mtaalamu mkubwa pembeni.

Nusu ya mkengeuko ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Norman, Sloan na Wyrwich waliipa nguvu mwaka 2003 walipopitia tafiti 38 za ubora wa maisha na kuona kwamba mipaka mingi iliyopatikana kwa kuwauliza wagonjwa ilikuwa ikiangukia karibu na hapo. Ni ugunduzi mzuri. Ila kwamba mambo mengi huangukia karibu na nusu si kibali cha kuacha kuuliza. Fikiria watafiti wawili wenye hojaji ileile. Mmoja amepokea wagonjwa wa kila aina, walio hoi na wanaochechemea kidogo tu, na mkengeuko wake ni 20. Mwenzake amechagua wanaofanana, mkengeuko ni 10. Kwa wa kwanza mgonjwa lazima apande alama 10 ahesabiwe kuwa na nafuu. Kwa wa pili alama 5 zinatosha. Mgonjwa ni yuleyule na goti ni lilelile. Kilichobadilika ni watu aliokaa nao kwenye foleni.

Kosa sanifu la upimaji halitetereki sana kwa sababu hiyo, kwani kundi likifanana zaidi mkengeuko hupungua na uthabiti nao hushuka, hivyo vinafidiana kwa kiasi. Kuna jambo dogo hapa wengi hawalioni: uthabiti ukiwa 0.75, kosa sanifu la upimaji na nusu ya mkengeuko ni kitu kimoja kabisa, maana mzizi wa 0.25 ni 0.5. Kwa hiyo anayejisifu kwamba "njia mbili tofauti zimekubaliana" huenda amepiga hesabu ileile mara mbili.

Badiliko dogo linaloweza kutambulika ni suala jingine, nalo naliheshimu mradi libaki kwenye kazi yake. Linasema: chini ya alama hizi, siwezi kumwambia mtu mmoja kwa uhakika kwamba amebadilika, huenda ni kelele za kipimo tu, siku hiyo alikuwa amechoka, au mpimaji alichelewa kubonyeza saa. Jacobson na Truax walitumia wazo la aina hiyo mwaka 1991 upande wa tiba ya kisaikolojia, wakatenganisha mambo mawili: je, badiliko ni la kutegemewa, na je, mtu ametoka kwenye eneo la wagonjwa akaingia eneo la watu wa kawaida? Kuyatenganisha hivyo ni busara. Kelele ni kelele, na maana ni maana.

Je, ikiwa mgonjwa huthamini alama 8, ilhali kipimo hakiwezi kutambua chini ya 17.5? Hilo hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri. Maana yake ni kwamba kwa mtu mmoja mmoja kipimo hicho ni butu, kinapitwa na jambo ambalo mgonjwa analiona waziwazi. Lakini kwa wastani wa kundi kosa hupungua: kwa watu 50, ile 17.5 hugawanywa kwa mzizi wa 50 na kushuka hadi kama 2.5. Kwa hiyo hojaji hiyohiyo inaweza kuufaa utafiti na isimfae mtaalamu anayetaka kuamua kama mgonjwa aliye mbele yake aendelee na mazoezi au aache.

Njia za nanga: muulize mwenyewe

Kundi la pili hufunga alama kwenye nanga, kitu cha nje ambacho maana yake inajulikana. Asili yake ni makala ya Jaeschke, Singer na Guyatt ya mwaka 1989. Walitaja tofauti ndogo kabisa ya alama ambayo mgonjwa anaiona kuwa na faida, na ambayo ingetosha kubadili matibabu yake iwapo hakuna madhara ya kusumbua wala gharama iliyopita kiasi. Kwa hojaji walizotumia, zenye majibu ya ngazi saba, ilikuwa kama nusu ya ngazi kwa kila swali. Angalia ule mkia wa maelezo: kubadili matibabu, madhara, gharama. Wengi wanaonukuu hukata mkia wakabaki na "mgonjwa anaiona". Tutaurudia, kwa sababu umebeba nusu ya hoja yote.

Kwa kawaida nanga ni swali moja. Mwishoni mwa tiba mgonjwa anaulizwa: ukilinganisha na siku ulipoanza, hali yako ikoje? Anachagua kati ya ngazi kadhaa, kuanzia "imeharibika sana" hadi "imekuwa nzuri sana". Kisha mtafiti anaangalia waliosema "nafuu kidogo" walipanda alama ngapi.

Kutoka hapo njia zinagawanyika. Ya zamani huchukua wastani wa badiliko la wale wa "nafuu kidogo". Ni rahisi kueleweka, ila kumbuka kwamba karibu nusu ya watu hao wenyewe wako chini ya wastani wao, kwa hiyo mpaka utawakataa watu waliokwisha kukuambia kwa kinywa chao kwamba wamepata nafuu. Ya pili hutafuta alama inayowatenganisha vizuri zaidi waliopata nafuu na wasiopata, kwa mkunjo unaolinganisha waliotambuliwa sawasawa na waliosingiziwa. Inavutia kwa mchoro, na wahakiki huipenda. Udhaifu wake ni kwamba kwenye kundi dogo mpaka unaruka kama panzi. Ukiondoa wagonjwa watano unahama. Ya tatu ilipendekezwa na Terluin na wenzake mwaka 2015: badala ya kutafuta alama inayotenganisha, unajenga modeli ya uwezekano wa mtu kusema amepata nafuu kulingana na badiliko la alama. Makadirio yake hayarukiruki kiasi hicho. Hata hivyo nayo huvutwa upande iwapo waliopata nafuu ni wengi mno au wachache mno kuliko nusu, na ndiyo maana baadaye yakaongezwa marekebisho. Kwa utafiti mpya mimi ningeanza na hii ya tatu yenye marekebisho, na kuonyesha ile ya wastani kando yake kwa ajili ya msomaji aliyeizoea.

Lakini hesabu si tatizo kubwa la nanga. Tatizo kubwa ni kumbukumbu. Mtu unayemuuliza baada ya miezi mitatu hakumbuki vizuri alivyokuwa. Anajitazama alivyo leo, kisha anakisia kwamba zamani lazima alikuwa hoi zaidi au alikuwa afadhali. Ndiyo maana jibu lake mara nyingi hufuata alama za mwisho kuliko za mwanzo. Kuna kipimo rahisi cha kulibaini hilo: kama jibu la nanga linahusiana sana na alama za leo na halihusiani kabisa na za mwanzo, ulichopima ni hali ya leo, si badiliko. Na kama uhusiano kati ya nanga na badiliko la alama uko chini ya 0.3, hiyo nanga haijagusa mchanga. Wataalamu wengine hudai 0.5, nami nakubaliana nao pale mpaka unapotumika kuamua mambo mazito.

Kuna pia suala la maneno, na hapa sisi tunaotafsiri hojaji kwa Kiswahili tuna kazi ya ziada. "Nafuu", "afadhali", "kupona" na "kuendelea vizuri" si ngazi za ngazi moja. Mtu anaweza kusema "afadhali" akimaanisha maumivu yamepungua kidogo, na mwingine akimaanisha tu kwamba leo si kama jana. "Naendelea vizuri" wakati mwingine ni jibu la heshima kwa aliyekuhudumia. Nimewahi kuona rasimu ya hojaji iliyoweka "nafuu" juu ya "nafuu ya kuridhisha", na wagonjwa waliojaribiwa nayo wakauliza kwa haki kabisa: sasa hiyo ya kwanza ndiyo isiyoridhisha? Kabla ya kupiga hesabu yoyote, kaa na watu kumi, wasomee ngazi zako kwa sauti, uwaombe wazipange wenyewe.

Swali la mwisho kuhusu nanga ni hili: ni ya nani? Beninato na wenzake mwaka 2006 walitafuta mpaka wa kipimo cha FIM, kinachopima kujitegemea kwa alama 18 hadi 126, kwa watu waliopata kiharusi. Walipata 22 kwa jumla: 17 kwa upande wa mwili na 3 kwa upande wa utambuzi. Namba hizo zimetumika kila mahali. Waliosema nani amebadilika kwa maana walikuwa madaktari, si wagonjwa. Sidai zikataliwe, mtu mwenye kiharusi kizito huenda asiweze kujibu, na jicho la daktari lina thamani yake. Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na anayezitumia namba hizo aandike wazi kwamba hiyo ni maana machoni pa daktari.

Ukitaka kuona jinsi njia inavyozaa namba, angalia jaribio la kutembea kwa dakika sita kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa. Redelmeier na wenzake mwaka 1997 waliwakutanisha wagonjwa 112, kila mmoja akazungumza na wenzake na kusema kama anatembea vizuri au vibaya kuliko wao. Walipata mita 54. Kwa miaka mingi tafiti zilipimwa kwa namba hiyo, na programu za mazoezi zilizoongeza mita 40 zikaonekana zimefeli. Mwaka 2014 vyama vya kitaalamu vya mapafu vya Ulaya na Marekani viliweka mita 30, kati ya 25 na 33. Tofauti hiyo haikutokana na mapafu. Kujilinganisha na jirani ni swali moja, na kujilinganisha na wewe wa zamani ni swali jingine.

Na mwanzo wa mgonjwa una uzito. Farrar na wenzake mwaka 2001 walichambua data za wagonjwa 2,724 kutoka majaribio 10 ya dawa ya maumivu sugu, kwa skeli ya 0 hadi 10. Waliokuwa wamepata nafuu ya maana walishuka kwa takriban alama 2, au asilimia 30. Kati ya hizo mbili, asilimia ndiyo inayohimili zaidi, kwa sababu anayeanza na 9 anahitaji kushuka zaidi kuliko anayeanza na 4. Kwa maumivu ya mgongo, Ostelo na wenzake mwaka 2008 walifikia makubaliano yenye mwelekeo huohuo: asilimia 30 kutoka mwanzo, pamoja na alama 10 kwa kipimo cha Oswestry na 5 kwa hojaji ya Roland-Morris, ambavyo vyote hupima jinsi mgongo unavyomzuia mtu katika shughuli zake. Skeli yenye sifuri inayoeleweka inakubali asilimia bila matata. Skeli ambayo sifuri yake ni ya kubuni tu, asilimia zake ni mazingaombwe.

Hali inayovumilika

Njia hii haiulizi umebadilika kiasi gani. Inauliza: ukizingatia maisha yako yote ya kila siku, hali uliyonayo sasa inakutosha? Tubach na wenzake walifanya hivyo mwaka 2005 kwa watu wenye magoti na nyonga zilizolika. Mpaka wa maumivu ulikuwa takriban milimita 32 kwa goti na 35 kwa nyonga, kwenye mstari wa milimita 100. Uzuri wake ni kwamba haitegemei kumbukumbu, na kizingiti chake hakiyumbi sana kwa jinsi mtu alivyoanza. Huenda mtu amepata nafuu kubwa bila kufika mahali pa kutosheka, na mwingine aliingia kwenye utafiti akiwa ameshatosheka. Ukipima badiliko peke yake hutawaona hao wote. Iongeze tu, ni swali moja, halimchoshi mtu.

Malengo ya mgonjwa mmoja mmoja

Yule wa safari ya chooni usiku anahudumiwa vizuri zaidi hapa. Kiresuk na Sherman mwaka 1968 walitengeneza upimaji wa kufikia malengo: kabla ya tiba mgonjwa na mtaalamu wanakubaliana lengo, kisha wanaandika matokeo matano yanayowezekana, kutoka −2 hadi +2, sifuri ikiwa ndiyo inayotarajiwa. Kwa huyu mgonjwa, sifuri ingeweza kuwa "anakwenda chooni usiku akisimamiwa kwa macho tu", na +1 "anakwenda peke yake". Mita 0.04 kwa sekunde zilizopotea kwenye jedwali zinageuka kuwa zaidi ya matarajio. Kipimo cha COPM, kinachotoka kwa wataalamu wa tiba ya kazi wa Kanada, kinafanana kwa roho: mgonjwa anataja shughuli zinazomsumbua, hadi tano, anajipa alama 1 hadi 10 kwa utendaji na kwa kuridhika, na kwa kawaida nyongeza ya alama 2 ndiyo huhesabiwa.

Mbona basi tusitumie hizi kila mara? Kwa sababu aliyeandika ngazi ndiye anayeshika rungu. Mtaalamu mwenye huruma huandika malengo mepesi na wagonjwa wake wote wanapata +1. Hapo kundi la tiba na kundi linganishi, yaani lile lisilopewa tiba hiyo, huenda yakapimwa kwa rula mbili. Katika jaribio la kulinganisha tiba, malengo yaandikwe kabla ya watu kugawanywa kwa bahati nasibu, na atakayetoa alama mwishoni asijue nani alipata nini. Bila masharti hayo ningeyaweka kama tokeo la ziada, si tokeo kuu la utafiti. Katika kazi ya kila siku na mgonjwa mmoja, hata hivyo, sioni kinachoyashinda.

Mtu mmoja, au tofauti ya makundi mawili?

Sasa tuurudie ule mkia uliokatwa. Mipaka yote ya nanga hapo juu inahusu badiliko la mtu kutoka mwanzo hadi mwisho. Utafiti wa kulinganisha tiba unauliza kitu kingine: tiba hii imeongeza nini juu ya kile ambacho kingetokea bila hiyo? Maumivu mapya ya mgongo hupungua yenyewe kwa watu wengi. Anayeingia kwenye utafiti siku aliyozidiwa ataonekana ana nafuu hata ukimpa maji ya bomba, kwa kuwa alama za juu mno huelekea kurudi kwenye wastani. Kundi la tiba likishuka alama 25 na kundi linganishi 20, tiba imechangia 5. Kuchukua mpaka wa nanga, tuseme 10, uliotokana na badiliko zima la mtu, na kuudai kwa hizo 5 ni kupima uzito kwa futi.

Kosa hilo lina sura mbili. Ya kwanza ni kutangaza tiba imefaulu kwa sababu kundi lake lilipanda zaidi ya mpaka, bila kutazama kundi linganishi. Ya pili, iliyo ya hila zaidi, ni kutangaza imefeli kwa sababu tofauti ya wastani haikufika mpaka. Chukua mpaka wa alama 10 kwa mtu mmoja. Kundi la tiba limepanda kwa wastani wa 10, linganishi 5, na mkengeuko wa badiliko ni 15 kwa yote mawili. Tofauti ya wastani ni 5, nusu ya mpaka. Lakini kama mabadiliko yamesambaa kwa umbo la kengele, asilimia 50 ya waliotibiwa wamevuka 10, dhidi ya kama asilimia 37 ya wenzao. Ni watu 13 wa ziada katika kila 100, au mmoja katika kila wanane wanaotibiwa. Kwa mazoezi yasiyo na madhara, hilo ni jambo la kujivunia.

Usichukue mfano huo kama ruhusa ya kugeuza kila utafiti kuwa hesabu ya "waliofaulu" na "walioshindwa". Aliyepanda 9.9 na aliyepanda 10.1 ni ndugu, lakini hesabu hiyo inawatupa kila mmoja upande wake, na utafiti unapoteza nguvu kiasi cha kuhitaji watu wengi zaidi. Uchambuzi mkuu ubaki kwenye alama kamili. Asilimia za waliovuka ziwe maelezo ya pembeni, pamoja na mchoro unaoonyesha sehemu ya wagonjwa waliofika kila kiwango cha badiliko, ili msomaji achague mpaka wake.

Njia inayolikabili swali la makundi uso kwa uso ni ya faida dhidi ya mzigo, inayotafuta athari ndogo inayostahili. Unamweleza mgonjwa tiba ilivyo: vikao vingapi, gharama, usumbufu, madhara. Unamweleza pia nini kingetokea bila tiba. Kisha unauliza nyongeza iwe kubwa kiasi gani ndipo aone inalipa, na unapandisha au kushusha hadi abadili uamuzi. Ferreira na wenzake walipowauliza hivyo watu wenye maumivu sugu ya mgongo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, walitaka takriban asilimia 20 ya nafuu ya ziada ili fiziotherapia istahili, na takriban 30 kwa dawa za kupunguza maumivu na uvimbe. Maumivu ni yaleyale, mpaka ni miwili, kwa sababu mzigo wa kila tiba ni tofauti. Hakuna hesabu ya mtawanyiko itakayokupa hilo hata ukiisukuma mwaka mzima. Udhaifu wake ni kwamba mahojiano yanachukua muda, na jibu ni la tiba ile tu, huwezi kulihamishia kwingine.

Ipi uichukue

Kama uko kliniki na swali ni mgonjwa huyu mmoja, nenda na malengo yake pamoja na badiliko dogo linaloweza kutambulika la kipimo unachotumia. La kwanza linakuambia kama jambo lina maana, la pili kama ni la kweli. Yakipingana, rudia kipimo wiki ijayo kabla ya kuamua.

Kama unapanga jaribio la kulinganisha tiba na unatafuta namba ya kukadiria idadi ya washiriki, tafuta kwanza athari ndogo inayostahili kwa tiba inayofanana na yako. Ukiikosa, na unaweza kuwahoji hata wagonjwa thelathini, wahoji. Usipoweza, chukua mpaka wa nanga kutoka kwa kundi linalofanana na lako kwa ugonjwa, muda tangu uanze na hali ya mwanzo, ukikiri kwamba umeazima namba ya mtu mmoja kwa kazi ya makundi. Nusu ya mkengeuko iwe ya mwisho kabisa, kwa kipimo kipya ambacho bado hakina chochote.

Kama unatengeneza au kutafsiri hojaji, nanga ni lazima, na uthabiti ni lazima. Toa mpaka kama masafa, si namba moja: "kati ya 6 na 11" ni kauli ya ukweli kuliko "8.4".

Na kama wewe ni msomaji tu wa utafiti wa mtu mwingine, fungua itifaki iliyosajiliwa, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa mapema, uangalie kama mpaka uliandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kupimwa, na ulitoka wapi. Ukikuta itifaki haikutaja mpaka, halafu makala inatumia 4 ambapo kipimo hichohicho kingeweza kutoa 10 au 17.5, rudi kwenye jedwali la matokeo ufanye hesabu upya kwa mipaka yote mitatu.